Paka wa Misri Alikuwa na Kazi Kabla ya Kuwa na Hekalu

Kila anayeipenda historia ya Misri ya kale huanza kwa kuambiwa kwamba Wamisri waliabudu paka. Kauli hiyo ni tamu masikioni, lakini inawageuza watu waliojua kupima mashamba, kuhesabu nyota na kuendesha dola kwa miaka ipatayo elfu tatu wawe watu wa vituko tu. Ushahidi waliotuachia unasema zaidi ya hapo: paka aliheshimiwa kwa kazi yake, akapendwa kwa mazoea, na mwishowe akageuzwa bidhaa na ibada yenyewe. Anayelichukua moja kati ya hayo na kuyaacha mengine bado hajaielewa Misri.

Misri ilikuwa nchi ya ngano na shayiri. Nile ilifurika kila mwaka na kuacha tope jeusi, mavuno yakajaa ghalani, na nafaka hiyo ndiyo iliyolipa kodi na ujira wa mafundi. Penye ghala hapakosi panya, na panya humwita nyoka. Paka mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo yumo katika mbuga za Tanzania na Kenya, alisogelea makazi ya watu akifuata mlo wake, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kumfukuza. Kazi hiyo ya ghalani ikapanda hadi mbinguni: katika maandiko waliyozikwa nayo wafu, mungu jua Ra huchukua umbo la paka na kumkata nyoka Apophis, adui wa mwanga. Bastet, mungu wa kike wa mji wa Bubastis, awali alichorwa na kichwa cha simba jike, na kichwa cha paka kikaja baadaye. Kwa hiyo paka hakuwa mungu. Alikuwa kiumbe ambamo Wamisri waliona tabia za mungu: upole kwa wanawe na ukali kwa adui.

Mapenzi nayo yalikuwepo, tena ya kawaida kabisa. Mwanamfalme Thutmose, mtoto wa Farao Amenhotep wa Tatu, alimchongea paka wake jeneza la mawe ambalo limehifadhi hata jina lake, Ta-miu, yaani paka jike. Katika kaburi la Nebamun, mwandishi aliyeishi yapata mwaka 1350 KK, paka wa nyumbani anaonekana akiwakamata ndege pembeni mwa bwana wake.

Lakini miaka elfu moja baadaye mambo yaligeuka. Mahujaji walinunua mumia za paka na kuzitoa kwa mungu kama nadhiri, na mahitaji yakawa makubwa hata paka wakafugwa kwa ajili hiyo. Picha za eksirei za mumia zilizoko British Museum zimeonyesha kuwa wengi waliuawa wakiwa wadogo, baadhi kwa kuvunjwa shingo, na ni wachache mno waliozidi miaka miwili. Watafiti wa Manchester nao, walipochunguza mumia za wanyama mbalimbali zipatazo 800, walikuta theluthi moja hazina mabaki ya mnyama ndani.

Msomaji atauliza: mbona mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliandika kwamba familia ilinyoa nyusi paka wake alipokufa? Na mbona Mgiriki mwenzake Diodorus anasimulia kuwa aliona kwa macho yake umati ukimuua Mrumi aliyemuua paka kwa bahati mbaya? Tuwasikilize, ila tukumbuke kwamba wote wawili walikuwa wageni waliovutiwa na yale ya ajabu. Isitoshe, masimulizi yao hayapingani na mumia za hekaluni. Kumuua paka mtaani kulikuwa kufuru. Kumtoa kwa Bastet kulikuwa ibada. Atakayeuita huo unafiki amtazame mfugaji anayemwita kila ng'ombe wake kwa jina, akamlilia anayekufa kwa ukame, na siku ya sherehe akamchinja mmojawapo bila kujiona msaliti. Binadamu huweza kupenda, kutumia na kutoa sadaka kwa mkono uleule.

Kama ni kutafuta vituko, tuvitafute pia mbali na Misri. Mwaka 1888 maelfu kwa maelfu ya mumia za paka yalifukuliwa karibu na Beni Hasan, nchini Misri. Miaka miwili baadaye shehena ya karibu tani 19 iliuzwa kwa mnada Liverpool, ikasagwa na kuwa mbolea ya mashamba ya Uingereza. Mmisri aliyemuua paka alimvisha sanda na kumwombea. Waliomnunua kwa tani hawakumwachia hata kaburi, na bado ni Mmisri anayesimuliwa kuwa ndiye wa ajabu.