KUPIGA SI KUPENDA



Katika landi zetu twasikia binti zetu wakisema, "Asiyekupiga hakupendi." Neno hili wamelipata kwa wazee waliowafundisha mama zao kuvumilia. Hesabu ya afya iliyofanywa na serikali mwaka 2014 ilionyesha kwamba wanawake 42 katika kila 100 walikubali mume aweza kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila kumwarifu. Wanaume waliokubali walikuwa 36 tu! Lakini Sheria ya 2015 yampa mwenye kupigwa haki ya kukingwa na korti.

Msimamizi akimpiga mmoja wetu kazini, tutagoma siku ile ile. Mbona nyumbani tunyamaze? Tuwaambie binti zetu: kipigo ni dhuluma, popote.