Msilitupe Tanga

Eti kusafiri kwa tanga kwenye Ziwa Victoria ni starehe ya matajiri na watalii. Mwenyeji wa kweli, tunaambiwa, anataka injini. Hebu tuache mzaha. Kabla ya injini ya kwanza kufungwa nyuma ya mashua huku Ghuba ya Winam, wavuvi walikuwa wanausoma upepo kama wewe unavyosoma ujumbe kwenye simu.

Chukua siku moja tu. Toka Dunga, nje kidogo ya Kisumu, alfajiri, uelekee magharibi hadi Kisiwa cha Ndere. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hivyo asubuhi upepo hutoka bara ukakusukuma ziwani. Kufikia saa tano unaanza kukatika, tanga linalegea, nawe huna budi kukaa na kutazama. Unaona magugu maji yanavyojikusanya. Unaona maji yalivyogeuka kijani kwa uchafu tunaoumwaga kutoka mjini na mashambani. Mwenye boti ya kasi hupita hapo akiwa ameinamia simu yake, halafu jioni anatuhutubia kuhusu mazingira! Alasiri nchi kavu imeshapata moto, upepo unageuka, unatoka ziwani na kukurudisha nyumbani. Hiyo unayoiita starehe ndiyo iliyokuwa ratiba ya kazi ya wavuvi.

Sasa tuongee pesa. Injini inakunywa petroli, upate samaki usipate. Mvuvi asiye na kitu hukopeshwa mafuta na mnunuzi wa samaki, na anayekupa mafuta ndiye anayekupangia bei ya mbuta wako. Ukirudi mikono mitupu, deni liko palepale. Upepo una hasira zake, lakini haujawahi kumwandika mtu kwenye daftari.

Utaniambia ziwa linaua. Ni kweli. MV Bukoba ilizama mwaka 1996 na kuua mamia ya watu; MV Nyerere ikafuata mwaka 2018, ikaua zaidi ya 200. Lakini vyombo hivyo vilikuwa na injini, na vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Injini haikuwaokoa na tamaa ya kujaza abiria.

Sisemi tuzitupe injini. Mama mjamzito wa kisiwani akishikwa na uchungu usiku, hawezi kungojea upepo ugeuke. Ninachokataa ni hii tabia ya kuliona tanga kama alama ya umaskini, kitu cha kufichwa wageni wakija.

Mwaka huohuo wa 2018 Nairobi iliandaa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi wa buluu. Hotuba zilikuwa nyingi. Lakini zunguka fuo za ziwa leo uulize: ni shule ngapi zinazomfundisha mtoto kuogelea, sembuse kuendesha mashua ya tanga? Mtoto anazaliwa hatua mia moja kutoka majini, anamaliza shule akijua majina ya mito ya Ulaya na hajui upepo wa kwao unageuka saa ngapi.

Wazee wanaojua bado wapo, na hawatakaa milele. Walipeni wafundishe. Mtoto ajue tanga kwanza. Injini ataijua tu.