Picha za Ukutani katika Chumba cha Kusomea

Yako maoni yaliyoenea miongoni mwa wasomi wetu kwamba chumba cha kusomea hakipati heshima mpaka ukuta wake uvikwe nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya. Hata Mkuyuni, mjini Mwanza, katika nchi ya majabali na ziwa, mwenye vitabu hudhani kuwa Mona Lisa ataithibitisha elimu yake. Maoni haya ni dhaifu, na yafaa yapingwe.

Sina ugomvi na Leonardo wala Vermeer. Uzuri ni mali ya watu wote, na akataaye kazi njema kwa sababu ya asili ya mkono ulioitenda hujinyima mwenyewe. Lakini na tumtazame Vermeer. Mnamo mwaka 1669 alimchora Mwanajiografia: mtu mmoja, meza, ramani, na nuru ya dirisha. Hakuazima ukumbi wa Roma ili kuitukuza elimu. Alitwaa chumba cha Uholanzi yake na mtu wa zama zake. Amfuataye Vermeer kwa kweli hutenda kama alivyotenda. Atundikaye nakala yake ili wageni waone hufuata fremu tu.

Watetezi wa maoni yale husema kwamba sisi hatuna picha za kale. Kondoa yawakanusha kwa michoro yake ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Usukuma nao wawakanusha. Wacheza nyoka wa chama cha Bayeye walichora kuta za nyumba zao, na Hans Cory akaitolea michoro hiyo kitabu mwaka 1953. Ajabu ni kwamba msomi wa Mwanza aweza kuijua dari ya Sistina kuliko ukuta wa jirani yake!

Husema tena kwamba kazi zetu hazina daraja. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Wageni wameipa ukuta, sisi twainyima. Mcheza kwao hutunzwa. Basi na mchora kwao atunzwe.

Je, tutundike kila kitu kwa kuwa ni chetu? Hasha! Twiga aliyechorwa mara mia kwa ajili ya watalii hawi mwema kwa kuwa amechorwa nyumbani. Kipimo na kiwe kimoja kwa picha zote: yamrudisha msomaji kitabuni na fikira mpya, au yampumbaza kwa fahari? Ikishinda kipimo hicho, itundikwe, iwe ya Delft au ya Usukuma, mbali na jua lififishalo rangi.

Ukuta wa msomi ni ukurasa pia. Si aibu jina la mgeni kuandikwa juu yake. Aibu ni mwenye nyumba kukosekana katika ukurasa wake mwenyewe.