Karatasi na Vidole Vidogo Siku za Theluji



Maswali ya safari hii yametoka mbali. Binti zetu waliohamia nchi za baridi, ambao hutumiwa jarida hili na mama zao, wameniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto wa miaka miwili ashughulishwe na nini ndani ya nyumba kutwa nzima, nje kukiwa kumejaa theluji? Nami nina jibu nililolipata kwa taabu, kwani nilikaa miezi miwili Toronto, nchini Kanada, kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili.

Sisi wa pwani huita baridi ule upepo wa kusi unaotufanya tuvute shuka alfajiri. Kule ni jambo jingine. Mwishoni mwa Disemba jua la Toronto huchomoza karibu na saa mbili kasoro dakika kumi, na magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Kumtoa mtoto nje ni kazi ya nusu saa: soksi, suruali mbili, koti, kofia, glovu na buti, nawe ukishamaliza kumvisha, ndipo anapotaka kwenda chooni. Binti yangu alikuwa bado ndani ya arubaini yake, hana shangazi wala jirani wa kumpokea mtoto. Akampa mkubwa tableti, na tableti ikawa ndiyo yaya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Binti yangu aliyajua hayo kuniliko. Hakukosa elimu, alikosa mikono. Kwa hiyo mama mwenzangu uliyeko huku, kabla ya kumlaumu mwanao kwa simu, fikiri kwanza ni nani anayembebea mtoto akaoga.

Kilichoniuma mimi ni kingine. Mjukuu wangu hakuwa na neno la Kiswahili hata moja. Nilipomwita, alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Siku ya tatu nikatwaa karatasi nyeupe na mkasi, nikamkatia ua la theluji, lile lenye ncha sita ambalo kule hubandikwa madirishani. Nilijitahidi, na kwa kweli lilipendeza. Nikampa. Akalifinyanga, kisha akalichana vipande viwili. Nilichukia, sitaficha. Lakini aliusikia ule mlio wa karatasi kuchanika, akacheka, akanitazama kwa mara ya kwanza kana kwamba mimi ni mtu wa maana. Nikamwambia, “Chana!” Akachana. “Chana tena!” Hata vipande vilipokuwa vidogo mfano wa kucha, alikuwa akisema mwenyewe, “Tana, tana.”

Tangu hapo nikaacha kumfanyia, nikawa namwandalia. Kazi ya karatasi ya mtoto wa umri huo haina haja ya kuwa nzuri. Chenye faida ni kule kuchana. Atazame anavyoshika: kidole gumba na cha shahada kwa kila mkono, mkono mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma. Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyofunga kifungo cha shati na kushika kalamu. Mwanzo mtoto hawezi kuanzisha, basi mpasulie ukingo kidogo, kisha mwachie. Anza na karatasi laini, kama magazeti na zile karatasi za matangazo ya maduka zinazotupwa mlangoni. Karatasi ngumu ije baadaye. Mtoto wa mwaka na nusu huiweza kazi hii. Mkasi usubiri hadi karibu miaka mitatu, tena uwe butu, nawe uwe umeketi kando yake.

Vipande vyeupe vikishapatikana, mtandikie karatasi kubwa ya buluu nzito au nyeusi, hiyo ndiyo mbingu ya usiku, abandike theluji yake apendavyo. Gundi msinunue. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, umimine katika vikombe viwili vya maji yanayochemka, ukoroge kwa moto mdogo mpaka iwe nzito na kung’aa. Ipoe kabisa kabla ya mtoto kuigusa. Ndiyo hiyo hiyo tuliyobandikia tiara tulipokuwa wadogo. Huhifadhika siku chache ndani ya friji, na mtoto akilamba kidole haimdhuru, ila yule ambaye ngano haimpatani. Mjukuu wangu alilamba sana siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa ameshaichoka.

Katika vitabu vya kazi za mikono vya nchi hizo utakuta wanatumia vifungo, shanga na vidonge vya pamba kumpambia mtu wa theluji. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, mimi sivitaki. Kigogo cha karatasi ya chooni ni kipimo kizuri: kitu chochote kinachopita ndani yake chaweza kuingia kooni na kumpalia. Hata karatasi yenyewe huviringwa ikatiwa mdomoni, kwa hiyo usiondoke. Ama kuhusu kumtia mtu huyo macho na pua, kila nyumba ina msimamo wake. Sisi tulitengeneza miti iliyofunikwa na theluji, na hakuna aliyelalamika. (Hapa kwetu nimeona watoto wa chekechea wakipewa mtu wa theluji wampake rangi, feni juu na jasho usoni. Heri wangepewa mvua ya masika, wangejua wanachokichora.)

Mwenye mtoto wa miaka mitatu amkatie ua la theluji, lakini kazi ya kulifunua amwachie mtoto, maana utamu wote uko hapo. Kunja karatasi ya mraba iwe pembetatu. Kisha, kutoka katikati ya ule upande mrefu, kunja kona ya kulia na ya kushoto zipandane, upate umbo la kifuko cha njugu. Likunje tena nusu kwa nusu, ukate zile ncha za juu, kisha uchore matundu pembeni kwa mkasi.

Ncha ziwe sita, si nane, kwa sababu maji yanapoganda hujipanga kwa pembe sita, na theluji halisi ndivyo ilivyo. Aliyewaonyesha watu jambo hili kwa picha ni mkulima wa Jericho, katika jimbo la Vermont, Marekani, aitwaye Wilson Bentley. Alipokuwa mdogo mama yake, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemsomesha nyumbani, na kwa hadubini ya mama huyo alianza kuchungulia theluji. Mwaka 1885 akafaulu kupiga picha ya chembe moja peke yake, na hadi kufa kwake mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Nilimsimulia binti yangu habari hii huku akinyonyesha. Akasema, “Mama, huyo mama yake alikuwa na watoto wangapi?” Tukacheka mpaka kichanga kikaamka.

Nanyi mlio huko mwaweza kuiona theluji hiyo bila hadubini. Weka karatasi nyeusi nje kwa muda mpaka ishike baridi, la sivyo kila kitakachoiangukia kitayeyuka. Theluji ikianza kuanguka, ishikeni mlangoni hesabu ya kumi tu, mtazame. Mtoto hatahesabu ncha, lakini atanyamaza, na hilo kwa mtoto wa miaka miwili ni jambo kubwa.

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa glovu. Nililaza mkono wake juu ya karatasi iliyokunjwa mara mbili, nikauzungushia kalamu, nikakata, zikatoka mbili sawasawa. Akazipaka rangi mpaka karatasi ikalowa. Kila kazi haikuzidi dakika kumi, kwani zaidi ya hapo hutupa gundi chini. Lakini dakika kumi asubuhi na kumi jioni zilimpa mama yake nafasi ya kuoga na kusali kwa utulivu. Na mtoto, siku ninaondoka, alikuwa na maneno haya: chana, kunja, bandika, tena, bibi. Binti yangu ameendelea nayo. Ijumaa hunipigia simu ya video, mtoto anachana kule nami nachana huku, kila mmoja akimwonyesha mwenzake vipande vyake.

Glovu moja nilimwachia, moja nikaja nayo Mombasa. Imebandikwa kwenye mlango wa kabati langu, na kwa unyevu wa hapa imeanza kujikunja kwenye vidole. Juzi nilimwambia aweke mkono wake mbele ya kamera, nikaulinganisha. Umeshaipita.