Jozani si kima wa kando ya barabara pekee



Barua hii ni lalamiko kuhusu namna watu wanavyotembezwa katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2004 na yenye eneo la takriban kilomita za mraba 50, inageuzwa kituo cha kupigia picha kima, ilhali thamani yake imo katika wingi wa makazi ya viumbe, yaani mahali wanapoishi, wanapojilisha na kuzaliana, ambayo hapo yamepakana kwa karibu mno.

Yapo kwanza makazi ya msitu wa maji ya ardhini, ulioota bondeni ambako maji ya chini yako karibu na uso wa udongo kiasi kwamba wakati wa masika hutuama juu yake, na humo hustawi mitondoo, mikindu na michikichi. Pembeni mwake kuna msitu wa maweni, unaomea juu ya matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, penye udongo haba uliojikusanya katika mianya. Vichaka vyake hudharauliwa na mpita njia, lakini ndivyo vinavyomsitiri paa nunga, mnyama mdogo wa jamii ya swala aliye hatarini kutoweka duniani. Kuelekea ghubani kuna mikoko, ambayo mizizi yake ni mahali pa malezi ya samaki wachanga na kaa, na mbele yake zimetanda nyasi za baharini.

Kima punju, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani, na ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria idadi yake kuwa zaidi ya 5,800, haeleweki akitenganishwa na makazi hayo. Hula majani machanga na matunda mabichi, huingia mashambani na mikokoni, na hula hata mkaa, ambao watafiti wanaeleza kuwa humpunguzia makali ya kemikali zilizomo katika majani ya miembe na mikungu. Tumbo lake lina vyumba ambamo vijidudu huchachusha majani, na kwa sababu hiyo ndizi mbivu na biskuti anazorushiwa na wageni humdhuru badala ya kumfaa.

Linalosikitisha ni kwamba baadhi ya misafara huwashusha wageni, ikawaacha wamsogelee kima hadi kufikia kumgusa, kisha ikaondoka bila kuwafikisha maweni wala kwenye njia ya mbao iliyojengwa mikokoni, ingawa inafahamika kuwa maradhi ya mfumo wa hewa ya binadamu huweza kuambukizwa nyani na kima. Madereva nao, wakiwamo wanaowaleta wageni hao hao, huendesha kwa kasi katika barabara inayopita hifadhini, ilhali matuta yaliyowekwa humo katika miaka ya 1990, baada ya kima wengi kugongwa, yalipunguza vifo hivyo bila kuvikomesha. Hasara nyingine, isiyotajwa sana, ni ya wenyeji, kwa kuwa mtoto wa Unguja anaweza kumaliza skuli akimjua simba wa Serengeti kwa picha, lakini asijue tofauti ya mkoko na mkandaa, miti ya mikokoni ya kisiwa chake.

Kwa hiyo wanaosimamia matembezi hayo wanaombwa wahakikishe kuwa kila ziara inapita katika makazi yote yanayofikika kwa miguu, ikiongozwa na mtu anayeyaeleza kwa Kiswahili pale wanaotembezwa wanapokuwa wenyeji, na wawazuie bila muhali wanaomlisha au kumgusa kima. Madereva wanaombwa wapunguze mwendo hata pasipo na tuta. Skuli nazo ziifanye Jozani kuwa sehemu ya masomo ya sayansi na jiografia. Mwisho, msomaji aliye Unguja anaombwa aende mwenyewe, asiishie barabarani, atembee hadi mikokoni na aulize jina la kila mti, kwa maana hifadhi hiyo ni amana yake kabla ya kuwa kivutio cha mgeni.

Mpenda mazingira,
Unguja