Mfuko wa Mbolea na Mchezo wa Bure



Tafakari ya juma hili imezaliwa na kesi ndogo iliyoletwa mlangoni petu msimu uliopita wa kupanda, baada ya Misa ya asubuhi. Mama mmoja wa huku kwetu Mamboya alikuja na mwanawe wa miaka 17. Alikuwa amemtumia kijana shilingi 40,000 katika simu ili anunue mbolea Dumila. Mbolea haikununuliwa. Fedha iliondoka kwa siku nne, mara 2,000, mara 5,000, ikaishia katika mchezo wa simu. Kijana hakunywa pombe wala hakuhonga mtu. Alimnunulia mavazi shujaa asiyekuwepo, na alifungua masanduku ambayo hakujua yana nini ndani.

Mama alitaka tumkemee mbele yake, nasi tulimkemea, kwa kuwa alikuwa na haki. Lakini kijana, macho yakiwa chini, alitamka jambo ambalo tumelibeba tangu siku hiyo: “Padre, mchezo wenyewe ni wa bure.”

Hakusema uongo. Kuupakua ni bure, kuingia ni bure, na wenzake kadhaa pale kijiweni huucheza miezi na miezi bila kutoa hata senti zaidi ya bando. Basi tulijiuliza: fedha ya mbolea ilipitia mlango gani katika nyumba isiyo na kiingilio? Tulipolichunguza jambo hili, tulikuta kwamba michezo ya namna hii haikuanza kwa kuwa bure. Iligeuzwa. Na habari ya kugeuzwa kwake yatufaa hata sisi tusiogusa mchezo wowote.

Tuchukue mmoja tu, tuliouchagua kwa upendeleo tunaoukiri: The Lord of the Rings Online. Umejengwa juu ya hadithi ya J. R. R. Tolkien, Mwingereza Mkatoliki aliyefariki mwaka 1973. Mama yake alipokelewa katika Kanisa mwaka 1900, akafariki mwaka 1904 akiwaacha wanawe wawili mikononi mwa padre mmoja wa Birmingham, Francis Morgan, aliyewalea na kuwasomesha. Padre anayelea yatima ni habari tunayoifahamu vema hapa, na ndiyo sababu mwandishi huyu tunamwona kama jirani.

Mchezo huo ulizinduliwa Aprili 2007 na kampuni ya Marekani iliyoitwa Turbine. Maelfu ya watu walikutana humo kwa kompyuta zao, kila mmoja akiwa na mhusika wake, wakasafiri pamoja katika nchi ya kubuni, wakapigana na mazimwi, wakafanya useremala na upishi, wakaoneshana nyumba zao. Kwa hayo yote mchezaji alilipa ada ya kila mwezi, karibu dola 15. Ada hiyo ilifanana na nauli ya basi la kwenda Morogoro: ukishailipa, kondakta hakusumbui tena mpaka ushuke. Tajiri na mnyonge, kama wote wawili wameweza kulipa, hukalia viti vya aina moja.

Septemba 2010 kampuni ilifungua mlango huko Marekani, na miezi miwili baadaye Ulaya: aingie atakaye, bila ada. Haikuwa mara yake ya kwanza, kwani mwaka 2009 ilikuwa imeufanyia hivyo mchezo wake mwingine, Dungeons & Dragons Online. Ada haikufutwa kabisa. Aliyependa aliendelea kuilipa. Wengine wote walikaribishwa kwenye duka. Sehemu za mwanzo za nchi zilikuwa wazi, na safari za maeneo ya mbele ziliuzwa. Kulikuwa na mavazi, farasi, na dawa za kufupisha kazi ndefu. Baadaye yakaja masanduku yaliyofungwa: sanduku waliokota bure, ufunguo wakanunua. Mapema mwaka 2011 kampuni ilitangaza kwamba mapato ya mchezo huo yalikuwa yameongezeka mara tatu.

Hapo ndipo tuliposimama na kusoma tena. Mlango uliachwa wazi, na mfuko ukajaa mara tatu. Tusimkufuru mtu kwa kupata faida. Mafundi waliojenga ile nchi wana watoto wanaokula. Lakini faida ya namna hiyo haitoki hewani, nasi tulitaka kujua yupo nani anayeitoa.

Jibu moja lilikuja mwaka 2014, kutoka kampuni ya Swrve iliyokuwa ikipima mwenendo wa wachezaji wa simu. Ilikuta kwamba nusu ya fedha iliyotumika ndani ya michezo hiyo ilitolewa na asilimia 0.15 ya wachezaji. Tuipime hesabu hiyo kwa macho ya huku kwetu: katika wachezaji 2,000, ni watu 3. Wafanyabiashara wa michezo huwaita watu hao nyangumi, neno walilolirithi kwenye majumba ya kamari. (Wanaokumbuka habari za Yona watatabasamu, safari hii nyangumi ndiye anayemezwa.) Tena hatuambiwi kwamba watu hao 3 ni matajiri. Wamo wenye fedha ya kuchezea, na wamo wasioweza tu kujizuia. Duka haliwatofautishi, na halina sababu ya kufanya hivyo. Kijana wetu, kwa siku nne na kwa kipimo cha Mamboya, alikuwa nyangumi.

Mageuzi haya yaligusa pia kazi ya fundi anayebuni mchezo. Zamani za ada alikuwa na swali moja: nitafanyaje mchezaji aliyekwisha kulipa afurahi hata arudi mwezi ujao? Fundi wa mchezo wa bure hujiuliza jambo jingine: nitafanyaje huyu ambaye hajalipa aone amepungukiwa? Kwa hiyo njia hurefushwa kusudi ili kifupisho kiuzwe. Saa huwekwa ikihesabu kurudi nyuma, ili ofa ionekane inakimbia. Shilingi hugeuzwa kuwa almasi, ili mkono usahau uzito wa fedha. Na sanduku hufungwa ili asiyejua kilichomo akisie. Kwamba mambo haya yaliingia hata katika nchi ya Tolkien ni kichekesho cha uchungu kidogo, maana kisa chake chote ni cha pete ambayo haimshibishi aliyeivaa, bali humzidishia kuitaka.

Serikali kadhaa zimeanza kuliona. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa mashuhuri ni kamari, na kwamba yanavunja sheria ya nchi hiyo. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite ambao nao kuuingia ni bure, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji waliovutwa kwa hila kununua wasichokusudia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, hailaani mchezo wa bahati kwa kuwa ni wa bahati. Yaukataa pale unapomnyima mtu kile anachohitaji yeye na wanaomtegemea. Mfuko wa mbolea mwezi wa kupanda ni kitu cha namna hiyo.

Hata hivyo haki yatudai tuseme upande wa pili, na tungekuwa waongo kama tungeusema kwa haraka. Dola 15 kwa mwezi, zilipwe kwa kadi ya benki: nani huku kwetu angelipa? Chini ya utaratibu wa ada, kijana wa Mamboya asingeingia hata ukumbini. Kwa utaratibu wa bure anacheza na mwenzake wa Mwanza au Mombasa, wanajuana kwa majina ya utani, wanacheka, na wengi wao hawatoi kitu. Tumewaona vijana wetu wa VIWAWA wakicheza pamoja chini ya mwembe baada ya mazoezi ya kwaya, wala hatukuona dhambi yoyote pale.

Nasi Watanzania hatuwezi kulidharau neno bure. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto walijaa madarasani. Januari 2016 ilifutwa ile ya sekondari hadi kidato cha nne, ambayo kwa shule za kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa baadhi ya familia kiasi hicho kilikuwa ukuta. Tuliona yaliyofuata pia: msongamano, na maswali kuhusu michango. Lakini elimu ile haikupata kuwa bure kwa maana ya kwamba haina mlipaji. Mlipaji ni sisi sote, kwa kodi ya sukari na sabuni, kila mmoja kidogo, na bajeti husomwa hadharani bungeni. Mchezo wa simu nao una mlipaji, ila ni watu 3 kati ya 2,000, na hakuna anayewasoma hadharani. Wale 1,997 wanakula karamu yao bila kujua ng’ombe ametoka zizi gani.

Kwa hiyo, kama tungeulizwa, tungechagua bei ndogo iliyo wazi kuliko bure yenye kificho. Mchezo wa shilingi 1,000 kwa mwezi, ulipwe kwa simu, duka lifungwe kabisa: huo tungewanunulia vijana wetu wenyewe. Tunajua hautakuja kesho.

Tungeishia hapa, wapendwa, kama dhamiri isingetugeuza tuangalie nyumbani.

Kanisa nalo lina jambo lake la bure. Bwana alipowatuma mitume, kama tusomavyo katika Mathayo sura ya 10, aliwakataza kufanya biashara ya walichojaliwa, na papo hapo akakubali kwamba mfanya kazi hulishwa. Sheria ya Kanisa imefuata njia hiyo: kanuni ya 848 yamtaka mhudumu wa sakramenti asidai zaidi ya matoleo yaliyowekwa na mamlaka halali, tena aangalie asije fukara akakosa sakramenti kwa ufukara wake, na kanuni ya 947 inataka Misa iwe mbali hata na harufu ya biashara. Basi parokia inaishi kwa nini? Kwa zaka na matoleo ya jumuiya, 500 ya huyu na debe la mahindi la yule, ambayo mweka hazina huyasoma mbele ya wote. Hiyo ni bure iliyo wazi.

Lakini ipo pia minada yetu.

Mnajua inavyokwenda. Misa ya sikukuu imekwisha, jogoo, maboga na trei ya mayai vinaletwa mbele, mnadi mwenye maneno matamu anashika kipaza sauti, akina mama wanapiga vigelegele. Jogoo wa shilingi 20,000 anafika 60,000. Jina la aliyepandisha bei linatajwa, na jina la mpinzani wake linatajwa kwa utani ili asikubali kushindwa. Watu 300 wamefurahi, na walioshindana ni 4. Mwaka jana, katika sikukuu mojawapo, mmoja wa hao 4 alikuwa mkulima wa kawaida kama wengine. Siku iliyofuata mkewe alikuja kwetu, bila kelele, kuuliza kama ghala la parokia lina mahindi ya kukopesha.

Tulimpa mahindi. Hatukumwambia mumewe neno lolote, wala hatukujiambia sisi wenyewe. Bati la kigango lilihitajika, na fedha ya mnada ilikuwa imetimiza hesabu. Ni mpaka kijana alipotuambia kwamba mchezo ni wa bure ndipo tulipokumbuka sauti ya mnadi wetu, na saa inayohesabu kurudi nyuma: wa kwanza, wa pili, wa tatu!

Wapo watakaosema tumelinganisha kitu kitakatifu na upuuzi wa simu. Tunakubali kuna tofauti: fedha ya mnada haiendi kwa wenye hisa, na aliyetoa anaona bati likipigiliwa. Lakini mke wa yule mkulima hakuja kuuliza fedha imekwenda wapi. Alikuja kutafuta chakula.

Tumelipeleka jambo hili Halmashauri ya Walei. Pendekezo letu ni kwamba mnada ubaki, kwa sababu una furaha yake na wengi huleta mazao wakiwa hawana fedha. Ila mnadi asitaje majina, asimchokoze aliyenyamaza, na kila kitu kiwekewe kikomo cha bei kitakachosemwa kabla ya kuanza. Mweka hazina, ambaye ni mtu mwaminifu, ametuonyesha kwa kalamu ni kiasi gani tutapoteza, nasi hatukuwa na jibu isipokuwa kuomba kila jumuiya iongeze kidogo. Mjadala utaendelea Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Njoni mseme, hata ninyi msiopenda pendekezo.

Kijana anasomba tofali kwa fundi wa jirani, na kila Jumamosi anamrudishia mama yake sehemu ya zile 40,000. Jumuiya yao ilimkopesha mama mfuko wa mbolea kabla mvua hazijakolea. Mchezo hajaufuta katika simu. Alitwambia wazi kwamba hataweza, ila simu sasa haina fedha ndani yake, kwa kuwa laini yenye akaunti anayo mama.

Na yule jogoo wa 60,000 yuko uani kwetu hadi leo. Aliyemnunua, kama ilivyo desturi, alimtoa tena papo hapo kuwa zawadi ya Paroko.