Mfereji Mkuu Umezibuliwa, Mbona Bustani Inanyauka?



Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwetu parokiani kumwombea mumewe Misa. Mzee huyo alipatwa na shambulio la moyo, akapelekwa hospitali kubwa ya mjini, mshipa ukazibuliwa, akarudi nyumbani. Lakini hata sasa akienda hatua chache anahema. Ndugu zake husema, "Mshipa umekwisha zibuliwa, huyu ni mvivu tu." Wengine wananong'ona habari za uchawi. Mama akaniuliza, "Karani, mume wangu anatudanganya?"

Nilimjibu hivi: Mimi si daktari. Ila najua kwamba mtu aweza kuzibuliwa mshipa na bado akaumwa kweli.

Ninyi wakulima mnajua kazi ya mfereji. Ukizibwa, bustani hukauka. Ukizibuliwa, maji hurudi, lakini pengine matope huchukuliwa na maji hayo yakaziba vijifereji vya ndani. Moyo nao una mishipa mikubwa, ambayo daktari huiona katika picha ya eksirei. Mbele yake iko mishipa midogo, myembamba kuliko nusu ya milimita, ambayo picha ile haiionyeshi. Vipande vya damu iliyoganda huweza kuingia humo, na kuta zake huvimba na kuumia. Basi mshipa mkuu u wazi, kumbe nyama ya moyo bado ina kiu.

Daktari atajuaje? Mwaka 2003 Dakta William Fearon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kipimo kimoja. Waya mwembamba, kama theluthi ya milimita, hupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni. Hupima msukumo wa damu na joto lake. Mgonjwa hupewa dawa ya kutanua mishipa midogo, kisha hutiwa maji kidogo ya chumvi yaliyo baridi kuliko damu, na waya huonyesha yamefika kwa muda gani. Muda huo huzidishwa kwa msukumo.

Tufanye hesabu. Msukumo ukiwa 80 na muda robo sekunde, jibu ni 20: njia ni nzuri. Muda ukiwa sekunde 0.6, jibu ni 48. Baada ya shambulio, kupita 40 ni dalili mbaya. Mwaka 2013 ziliandikwa habari za wagonjwa 253 waliopimwa hivyo: waliopita 40 walikufa, au walirudi hospitali kwa moyo kushindwa kazi, kwa wingi kuliko wenzao.

Kipimo hiki hakipatikani kila hospitali, wala haijapatikana bado dawa ya hakika ya kuizibua mishipa hiyo midogo. Kwa hiyo shikeni mambo matatu. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, na jasho likitoka, msingoje kupambazuke. Kila dakika nyama ya moyo inakufa. Aliyerudi nyumbani asiache dawa zake kwa kuwa maumivu yamekoma. Na akivimba miguu, au akikosa pumzi anapolala, arudishwe hospitali upesi, wala asiitwe mvivu.

Mama yule amekwisha tafuta nauli. Jumatatu atamrudisha mumewe kwa daktari. Misa yake itasomwa Jumapili hii. Nanyi mkumbukeni mzee huyo katika rozari ya jioni.